Mikono Iliyowasha Bavuma

Nyumbani kwetu Masese, pembeni mwa mji wa Jinja, Kiswahili hakikuletwa na shule. Kililetwa na reli. Babu yangu mzaa mama ni Mgisu wa upande wa Mbale. Marehemu bibi alikuwa Mvuma, mzaliwa wa visiwa vya Buvuma, ambavyo hadi leo watu wetu huvifikia kwa boti kutoka mwaloni Masese. Walipokutana, babu hakujua Kivuma wala Kiganda cha kutosha kumposa mtu, na bibi hakujua Kigisu hata neno moja. Wakaoana kwa Kiswahili cha karakana. Kilikuwa kifupi na chenye amri nyingi, lakini kiliwatosha kulea watoto sita.

Babu alikuwa mchochezi. Nilipoandika neno hilo katika insha yangu ya kwanza chuoni, wenzangu walicheka, wakidhani babu alikuwa mtu wa kuwagombanisha watu au kuipinga serikali. La. Alichochea moto wa injini ya mvuke katika Shirika la Reli la Afrika Mashariki, njia ya Tororo, Mbale hadi Soroti, tangu miaka ya 1960 hadi mwaka 1977, Jumuiya ilipovunjika na kila nchi kubeba chake. Baada ya hapo alirudi Masese akawa mvuvi, na moto wake wa mwisho ulikuwa wa kukaushia samaki.

Katika insha hii nataka kueleza jambo nililojifunza kutoka kwake kuhusu kufufua injini kongwe. Wengi wetu tukisikia kwamba injini ya zamani inatengenezwa itembee tena, tunafikiria chuma: kutu kung'olewa, rangi mpya kupakwa, magurudumu kung'arishwa. Mimi pia nilifikiri hivyo. Sasa naamini kwamba chuma ni sehemu nyepesi ya kazi hiyo. Sehemu nzito ni watu.

Nianze na historia yenyewe. Reli iliyoitwa ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Kisumu mwaka 1901. Watu hupenda kutania kwamba reli ya Uganda haikufika Uganda, lakini wakati ule Kisumu ilikuwa ndani ya Mkoa wa Mashariki wa himaya ya Uganda, nao mkoa huo ulihamishiwa upande wa Kenya mwaka 1902. Karibu wafanyakazi 32,000 waliletwa kutoka India kuijenga, na karibu 2,500 kati yao walikufa. Kutoka Kisumu, mizigo na abiria walivuka ziwa kwa meli.

Jinja ilipata reli yake mapema kuliko wengi wanavyojua. Mwaka 1912 ilifunguliwa reli ya Busoga, kutoka Jinja hadi Namasagali ukingoni mwa Nile, ili kubeba pamba na kuunganisha meli za Ziwa Viktoria na zile za Ziwa Kyoga. Reli hiyo haikuungana na reli nyingine yoyote. Injini na mabehewa yake yalivushwa ziwani kwa meli, yakashushwa hapa kwetu. Kwa miaka 16 ilikuwa kama kisiwa cha chuma katikati ya migomba. Mwaka 1928 ndipo njia kuu kutoka Kenya ilipofika Jinja kupitia Tororo. Mwaka 1929 tawi la Mbale likafika Soroti, na mwaka 1931 daraja la reli juu ya Nile likafunguliwa, treni zikapita hadi Kampala.

Baada ya Vita Vikuu vya Pili, mwaka 1948, reli za Kenya, Uganda na Tanganyika ziliunganishwa chini ya shirika moja. Mizigo ilikuwa mingi kuliko uwezo wa injini, kwa hiyo shirika likaagiza injini mpya nchini Uingereza. Kubwa kuliko zote zilikuwa injini 34 za daraja la 59, zilizotengenezwa na kampuni ya Beyer, Peacock ya Manchester mwaka 1955 na 1956. Kila moja ilikuwa na uzito wa zaidi ya tani 250. Hizo zilipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Injini ndogo zaidi, za madaraja ya 29, 30 na 31, zilipewa majina ya makabila. Daraja la 31 lilitengenezwa na kiwanda cha Vulcan Foundry huko Newton-le-Willows. Zilikuwa nyepesi, zikafaa kwa njia ambazo reli zake hazikuweza kubeba uzito mkubwa. Mojawapo, namba 3123, iliitwa Bavuma.

Naomba msomaji asimame kidogo kwenye jina hilo. Mwaka 1875 Wavuma walipigana na majeshi ya Kabaka Mutesa wa Kwanza kwa mitumbwi, katika vita ambavyo Henry Morton Stanley alivishuhudia na kuviandika. Miaka michache baada ya 1900, ugonjwa wa malale uliua watu kwa maelfu mengi katika visiwa na mwambao wa Busoga na Buganda, na kufikia mwaka 1909 serikali ya kikoloni ilikuwa imewahamisha wakazi wa visiwani kwa nguvu. Walirudi polepole, baada ya miaka mingi. Kisha mwaka 1955, mtu ofisini akachukua orodha ya makabila, akachagua jina la watu hao, likachongwa kwenye kibao na kupigiliwa ubavuni mwa injini iliyotengenezwa Uingereza. Visiwa vya Buvuma havikuwa na reli wakati huo na havina sasa. Bibi alikuwa akicheka sana akisimulia siku babu alipomwambia kuna gari moshi linaloitwa kwa jina la watu wake. "Watuletee kwanza boti nzuri," alimjibu.

Mwaka jana wakati wa likizo nilipanda basi la usiku kutoka Jinja kwenda Nairobi, kwa nauli niliyoweka akiba muhula mzima. Nilikuwa nimesoma kwamba Bavuma bado ipo katika Makumbusho ya Reli, jirani na stesheni ya Nairobi. Makumbusho hayo yalifunguliwa mwaka 1971, wakati injini za mvuke zikianza kuipisha dizeli. Nilizikuta zimepangwa uwanjani kama wazee barazani: Mount Gelai ya daraja la 59, ndefu kiasi kwamba simu yangu haikuweza kuipiga picha nzima, Nyaturu, yenye jina la watu wa Singida, Masai of Kenya, na Bavuma.

Niliweka kiganja changu juu ya chuma chake. Kilikuwa cha moto kwa jua tu. Nilipiga picha zaidi ya 60: kibao cha jina, namba, magurudumu, taa, ngazi, na mimi mwenyewe nikitabasamu mlangoni mwa chumba cha dereva. Nikarudi nyumbani nikiwa na furaha ya mtu aliyembebea mzee zawadi.

Babu alivaa miwani, akazipitia picha moja moja bila kusema neno. Zilipokwisha akauliza, "Ndani ulichungulia?"

"Ndani wapi, Jjajja?"

"Tumboni. Kwenye sanduku la moto. Plagi ya risasi ipo?"

Sikujua plagi ya risasi ni nini. Nilijua mwaka ambao Bavuma ilitengenezwa, kiwanda kilichoitengeneza na jina la mji wa kiwanda hicho. Babu hakuvijua vitu hivyo vyote wala hakuvihitaji. Aliniambia nikae chini.

Boila ya injini ya mvuke, alieleza, ni pipa refu la maji lenye sanduku la moto kwa nyuma. Moto huchoma ndani ya sanduku, moshi wake wa moto hupita kwenye mabomba mengi membamba yaliyozungukwa na maji, kisha hutokea mbele kwenye dohani. Maji yakigeuka mvuke hutanuka zaidi ya mara 1,600. Nguvu hiyo ndiyo inayosukuma pistoni. Paa la sanduku la moto lazima lifunikwe na maji wakati wote. Maji yakishuka chini ya paa hilo, chuma chake huwa chekundu, hulainika, kisha mvuke hulipasua, na watu walio ndani ya chumba cha dereva hawabaki. Kwa hiyo darini mwa sanduku hufungwa plagi ya shaba yenye moyo wa risasi. Risasi huyeyuka upesi. Maji yakipungua, moyo ule unayeyuka kwanza, mvuke unapiga kelele ndani ya moto, na wafanyakazi wanajua wamebakiwa na muda mfupi.

"Mchochezi ambaye plagi yake iliyeyuka," babu alisema, "hakuulizwa jina la kabila lake. Aliulizwa jicho lake lilikuwa wapi."

Tangu jioni hiyo nilianza kumrekodi kwa simu, Jumamosi kwa Jumamosi. Nilitaka kujua ni kazi gani ingehitajika ili Bavuma iwake tena. Nilichanganya maelezo yake na niliyoyasoma kuhusu injini zilizofufuliwa kwingineko, nikapata mpangilio ufuatao.

Kwanza injini huvuliwa nguo. Mabati ya nje huondolewa, na chini yake huwa kuna tabaka la kuzuia joto, mara nyingi la asbesto, ambalo lazima litolewe kwa uangalifu kwa sababu vumbi lake huua mapafu. Kisha mabomba yote ya moshi hutolewa. Ndipo unene wa bamba za boila hupimwa kila mahali, maana kutu hula kutoka ndani na rangi ya nje haisemi kitu. Hukaguliwa pia zile komeo nyingi zinazoshikilia sanduku la moto ndani ya boila. Fundi huzigonga moja moja kwa nyundo ndogo na kusikiliza. Iliyo nzima hulia. Iliyokatika hujibu kwa sauti ya kufa. Mabomba mapya yakishafungwa, boila hujazwa maji hadi juu na kushindiliwa kwa shinikizo linalozidi lile la kazi, bila moto. Hutumika maji kwa sababu maji hayatanuki: boila ikipasuka itavuja tu, haitalipuka. Ikivumilia, ndipo hujaribiwa kwa mvuke, na vali za usalama hurekebishwa zifunguke mahali pake. Baada ya hapo bado kuna magurudumu ya kuchongwa upya kwa mashine, beringi za kuyeyushiwa madini meupe, pistoni za kufungwa pete, na breki.

Orodha hiyo nimeiandika kwa aya moja. Kuitekeleza huchukua miaka. Na ukiisoma kwa makini utaona kuna mahali ambapo kitabu kinakoma. Kitabu kinaweza kusema fundi agonge komeo na asikilize. Hakiwezi kukupa sikio.

Nililithibitisha hilo katika rekodi ya nne. Babu alikuwa akieleza jinsi mchochezi anavyoingiza maji ndani ya boila iliyokwisha kupata mvuke. Kifaa chake hutumia mvuke wenyewe kuyasukuma maji yaingie, na kina tabia ya kukataa. Alieleza hatua ya kwanza, ya pili, kisha akanyamaza. Akarudia tangu mwanzo, akanyamaza palepale. Babu sasa amepita miaka 80 na siku hizi maneno humtoroka. Nilitaka kuzima simu nisimwaibishe. Lakini mkono wake wa kushoto ulikuwa umenyanyuka peke yake, ukashika hewa, ukazungusha kitu ambacho hakikuwepo, robo mzunguko, ukasimama, ukarudi kidogo. Kichwa chake kilikuwa kimeinama upande, akisikiliza. Kisha akasema, "Hapo. Imeshika." Simu yangu ilirekodi sauti tu. Ukiisikiliza rekodi hiyo utasikia kimya cha sekunde nyingi, halafu maneno mawili. Maarifa yote yako ndani ya kile kimya.

Wanafunzi wa historia tumefundishwa kuamini karatasi, na siku hizi tumeongeza rekodi za sauti. Siku ile niliona kwamba kuna kumbukumbu ambayo haikai katika karatasi wala katika sauti. Hukaa mikononi, na mikono huzikwa.

Hili si tatizo la Afrika pekee, wala si dalili ya uzembe wetu. Uingereza ndiyo iliyoanza kutengeneza injini za mvuke za reli. Lakini wapenzi wa reli wa huko walipoamua kuunda injini mpya ya mvuke iitwayo Tornado, kazi iliyochukua tangu mwaka 1994 hadi 2008, boila yake ilitengenezwa Ujerumani, katika karakana ya Meiningen. Kwa nini Meiningen? Kwa sababu mji huo ulikuwa katika Ujerumani Mashariki, ambako injini za mvuke ziliendelea kufanya kazi hadi miaka ya 1980. Karakana haikufungwa, mafundi hawakutawanyika, na mzee alikuwa bado yupo kumwonyesha kijana. Nchi iliyoanzisha ufundi huo ilikuwa na michoro na fedha. Mikono ilikuwa kwingine.

Kwetu Afrika Mashariki kuna mfano ulio karibu zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Mount Gelai ilifufuliwa Nairobi baada ya kusimama kwa takriban miaka 20. Nyaturu nayo ilirudishwa kwenye moto, pamoja na injini ndogo ya zamani namba 2409. Zikavuta treni za wageni na wapenzi wa reli. Iliwezekana kwa sababu karakana kuu ya reli ilikuwa Nairobi, na kulikuwa bado na watu waliozifahamu injini hizo zikiwa hai. Treni hizo hazikudumu. Injini zikarudi uwanjani, moto ukazimwa. Nilipokuwa makumbushoni nilisimama mbele ya Mount Gelai nikahesabu: kijana aliyeingia kazini akiwa na miaka 20 mwaka 1960 alikuwa na miaka 60 na kitu injini hiyo ilipofufuliwa. Leo ana zaidi ya miaka 80, kama yupo. Kufufua kwa mara ya pili hakutafanana na mara ya kwanza.

Najua swali litakaloulizwa, kwa sababu niliulizwa na mwenzangu wa darasani anayetoka Gulu. Alisema: kwa nini tupoteze fedha kwenye injini ya makumbusho wakati reli ya kutoka Tororo kwenda Gulu ilikaa miaka mingi bila treni, na sasa ndiyo kwanza inakarabatiwa? Mama yake huuza nafaka, na kila gunia lake husafiri kwa lori. Hoja yake ni nzito na sitaikwepa. Kama mfuko ni mmoja na ni lazima kuchagua, mimi pia ningechagua gunia la mama yake. Injini ya mvuke haitarudi kubeba mizigo ya Uganda. Inakula mafuta mengi na maji mengi, na inahitaji saa nyingi za maandalizi kabla ya kusogea hata hatua moja.

Lakini naona swali hilo limejengwa juu ya dhana ileile niliyokuwa nayo mimi, kwamba kufufua injini ni kununua chuma. Tukilitazama kama shule, hesabu inabadilika. Kijana aliyepimisha boila, akachonga gurudumu na kuyeyusha madini ya beringi, hajajifunza mambo ya kale peke yake. Jambo hili nililiona kwa macho yangu sebuleni kwetu.

Binamu yangu anafanya kazi ya boila katika kiwanda cha sukari. Jirani yetu hapa, Kakira, na katika viwanda vingine vya sukari, makapi ya miwa huchomwa ili kupata mvuke, na mvuke huo huendesha mitambo na kuzalisha umeme. Viwanda vya chai navyo huchoma kuni kwa ajili ya mvuke wa kukaushia majani. Siku moja binamu alikuja kumjulia babu hali, akanikuta nikirekodi. Babu alikuwa amefika kwenye habari ya maji machafu: maji yenye chumvi na tope huacha ukoko ndani ya boila, na ukoko huzuia joto lisifike kwenye maji, chuma kikaungua.

"Nyinyi mlikuwa mnaosha kila baada ya siku ngapi, Jjajja?" binamu akauliza.

Babu akamgeukia polepole. "Wewe unajua kuosha boila?"

Kwa saa mbili zilizofuata hawakuniona. Walizungumza habari za ukoko, za geji ya maji inayodanganya, za mlio wa bomba linalopigwa na maji ya baridi. Binamu alitumia majina mapya na babu majina ya zamani, kisha wakagundua wanataja kitu kilekile. Babu akamweleza kwamba injini zao zilichoma mafuta mazito, na kwamba masizi yakizidi kwenye mabomba, mchochezi alitupa koleo la mchanga ndani ya moto injini ikiwa inapanda mlima, ili mvuto wa moshi uupitishe mchanga na kusugua mabomba. Dohani ilitoa wingu jeusi, halafu injini ikapumua. Binamu alicheka hadi machozi. Akasema wao hulipia mashine kwa kazi hiyohiyo.

Mimi nilikuwa nimeandika kwenye daftari langu kwamba maarifa haya yamekufa Uganda. Usiku ule niliufuta mstari huo. Hayajafa, yamehama. Yamekwenda kwenye sukari na chai. Yamekaa kwa wastaafu wa Jinja, Tororo, Mbale na Nairobi, kila mmoja na kipande chake, bila mtu wa kuwakutanisha. Mwaka 2022 Jinja ilipata makumbusho yake ya reli, kwenye eneo la stesheni yetu. Nilifurahi, na ninawashauri wasomaji wayatembelee. Ila ningependa makumbusho yoyote ya reli, huko Nairobi au hapa, yawe na chumba kimoja kisicho na kioo wala kibao cha "usiguse", ambamo mzee mwenye mkono unaokumbuka ataketi pamoja na kijana anayejua boila ya leo. Kamera irekodi mikono, si nyuso tu. Hiyo haihitaji mamilioni, wala haihitaji kusubiri injini ipatikane. Inahitaji kufanywa mwaka huu.

Kuhusu jina la Bavuma pia nimebadili mawazo. Mwanzoni nililichukia. Niliona ni jina la watu waliohamishwa visiwani mwao, likatumiwa kama pambo. Bado naamini hivyo. Lakini ubavuni mwa injini ile hakuna jina la mtu hata mmoja aliyeichochea, aliyeigonga kwa nyundo, au aliyelala chini yake akiipaka grisi. Kabila likapewa kibao, na mfanyakazi hakupewa. Kama Bavuma itawaka tena siku moja, napendekeza chini ya kibao cha shaba kiwekwe kingine cha bati, chenye majina ya waliofanya kazi hiyo. Bibi asingepinga, ingawa najua bado angeulizia boti.

Nimalizie na swali nililomuuliza babu katika rekodi ya mwisho. Nilimuuliza: injini ya mafuta ikiwa imepoa kabisa, inawashwaje? Maana alikwisha kuniambia kwamba mafuta mazito hayashiki moto vizuri mpaka yapulizwe kwa mvuke yawe kama ukungu. Lakini injini iliyopoa haina mvuke. Nilidhani nimempata.

Alinitazama kama mtu anayetazama mtoto aliyeuliza jua huchomoza wapi. "Unaileta karibu na injini nyingine iliyo moto," alisema. "Unafunga bomba kati yao. Ile ya moto inaipa mvuke wake ile ya baridi, mpaka nayo ianze kupumua. Kisha unafungua bomba."

"Na kama hakuna injini nyingine iliyo moto?"

Akafikiri kidogo. "Basi utakusanya kuni, uanze upya kama watu wa zamani. Utachelewa sana."

Jumamosi ijayo binamu amepata nafasi kiwandani. Atakuja tena Masese, na safari hii nimeazima kamera.